Uzi wa Lakhochak: samli, shokoa na wafugaji wa Bihar

Mwezi Mei 1925, Wagoala wa vijiji vingi vya wilaya ya Munger, jimbo la Bihar huko India, walikusanyika katika kijiji cha Lakhochak ili wavae uzi. Uzi wenyewe ni wa pamba, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, nao huitwa janeu. Huvaliwa juu ya bega la kushoto, ukapita kifuani na kuishia kiunoni upande wa kulia, na mara nyingi hauonekani kabisa kwa kuwa umefunikwa na nguo. Kwa mila ya Kihindu, mwanamume aliyeuvaa kwa ibada yake kamili amezaliwa mara ya pili, na heshima hiyo ilikuwa ya matabaka matatu ya juu tu. Wagoala walikuwa wafugaji na wauza maziwa. Wakubwa wa vijiji waliwaweka katika fungu la nne, la Washudra, ambao kwa mujibu wa vitabu vya sheria za kale kazi yao ni kuwatumikia wengine.

Wenye ardhi wa eneo hilo, wengi wao wa jamii ya Wabhumihar, hawakukubali. Walikuja kwa maelfu, wakiwa na marungu na silaha za makali, kuuvunja mkutano kwa nguvu. Polisi waliokuwa wametumwa kulinda amani walijikuta katikati, wakafyatua risasi. Watu wakaumizwa, na habari za Lakhochak zikasambaa Bihar nzima.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu kila ninapolisoma likisimuliwa, husimuliwa kama ugomvi wa sifa: wafugaji walitaka ukubwa, wakubwa wakakasirika, basi. Simulizi hiyo inawadhulumu Wagoala. Ukiufuata uzi ule mpaka zizini na mpaka kwenye daftari la kodi la kabaila, unakuta kwamba watu walikuwa wanagoma. Waligomea kazi ya bure, na waligomea kutoa samli.

Watu wenyewe

Sisi huku pwani tunapomtaja Mhindi, fikra humwendea Mgujarati au Mkachi, maana hao ndio waliovuka kuja kwetu kufanya biashara. Watu wa Bihar walipita njia nyingine. Walipakiwa melini bandarini Calcutta kama vibarua wa mkataba, wakapelekwa kulima miwa Mauritius kuanzia 1834, Natal kuanzia 1860 na Fiji kuanzia 1879. Wafugaji hawa walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa vibarua wengi. Katika maeneo mengi ya kaskazini mwa India huitwa Waahir. Bihar na Bengal wameitwa pia Wagoala na Wagope. Leo karibu wote hujiita Yadav, jina linalowaunganisha na Yadu, babu wa kale ambaye katika ukoo wake alizaliwa mungu Krishna.

Ni wafugaji na wakulima kwa pamoja, wala hakuna haja ya kuvitenganisha viwili hivyo. Mpunga na ngano hulimwa bara, na mifugo hupelekwa diara, yaani ardhi ya mchanga na matope ambayo mto Ganga huiacha kila mafuriko yanapopungua. Huko majani huota kwa wingi. Wanaume hupiga kambi na kulala na mifugo kwa majuma, fimbo ndefu ya mwanzi haiwatoki mkononi, kwa sababu diara haina mpaka wa kudumu: mafuriko ya mwaka huu hufuta alama za mwaka jana, na ugomvi wa ardhi huanza upya. Mnyama wao mkubwa wa maziwa ni nyati wa kufugwa, yule mweusi mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, apendaye kujilaza majini jua linapokuwa kali.

Nyumbani kazi ni ya wanawake. Asubuhi hukusanya kinyesi cha ng'ombe na nyati, hukichanganya na makapi ya ngano, wakakifinyanga na kukibandika ukutani kikauke. Kila kibonge hubaki na alama ya vidole vitano. Kikikauka ni kuni ya jikoni, na kinachozidi huuzwa. Wanawake hao hao ndio waliokuwa wakibeba vyungu vya mtindi kichwani kwenda gulioni. Nitarudi kwao, kwa sababu mageuzi ya Wagoala yaliwagusa wao kwa namna ambayo wasimuliaji wengi huiruka.

Jamii hii ina utenzi wake mkubwa, wa Lorik, shujaa wa Kiahir mwenye nguvu za kupindukia anayemwacha mkewe Manjari akatoroka na Chanda, mke wa mtu mwingine. Huimbwa kwa ghibu, na mwimbaji hodari huuendeleza usiku baada ya usiku. Mwaka 1379 mshairi Mwislamu, Maulana Daud, aliichukua hadithi hiyo akaitunga upya kwa lugha ya wenyeji, akaitia maana za kisufi. Sisi tuliolelewa na tenzi tunaelewa uzito wa jambo hilo: zaidi ya miaka 600 iliyopita, wimbo wa wachunga nyati ulikuwa na hadhi ya kutosha kumfanya mwanachuoni aukalie na kalamu.

Na juu ya yote wana Krishna. Mungu huyo, kwa simulizi zao na za Wahindu wote, alilelewa katika nyumba ya Nanda, mkuu wa wachungaji, akakua akichunga ndama na kuiba siagi za majirani. Siku inayofuata Diwali wafugaji huadhimisha kisa cha mlima Govardhan. Zamani, husimulia, wachungaji walikuwa wakimtolea sadaka kubwa Indra, mungu wa mvua, kila mwaka. Krishna akawauliza kwa nini wanampa yeye, ilhali kinachowalisha ni mlima wenye majani na ng'ombe wao. Wakaacha. Indra akakasirika, akateremsha mvua ya gharika, na Krishna akauinua mlima kwa kidole akawakinga kwa siku saba. Ng'ombe hupambwa siku hiyo na kulishwa vizuri. Sijui dini nyingine nyingi ambamo watu wa kawaida husherehekea kila mwaka siku waliyoacha kumtolea mkubwa.

Kabaila na samli

Mwaka 1793 serikali ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, chini ya gavana mkuu Cornwallis, iliwakabidhi makabaila waitwao zamindari haki ya ardhi ya Bengal na Bihar. Kabaila alitakiwa kulipa serikalini kiasi kilichowekwa kisibadilike milele. Alichowatoza wakulima kikazidi kupanda, na tofauti ikawa yake. Huko Bihar makabaila wengi walikuwa wa jamii za juu, Wabhumihar, Warajput, Wakayastha na Wabrahmini, yaani tabaka la makuhani, na mfumo huo ulidumu hadi baada ya uhuru.

Kodi ya shamba ilikuwa mwanzo tu. Mkulima wa tabaka la chini alilipa kodi kubwa kuliko jirani yake Mbrahmini au Mbhumihar kwa shamba la namna moja. Juu ya kodi zilikuja tozo zisizokuwemo katika sheria yoyote: kabaila akioza binti, mnatoa, akinunua tembo, mnatoa. Tena kulikuwa na shokoa, waliyoiita begari: siku za kulima shamba la bwana, kubeba mizigo yake na kutengeneza paa lake, bila ujira au kwa ujira wa kumdhihaki mtu.

Kila jamii ilibanwa kwa kile ilichokuwa nacho. Mgoala alikuwa na maziwa, kwa hiyo alibanwa kwa maziwa. Alitakiwa kupeleka maziwa, mtindi na samli kwenye nyumba ya kabaila kwa bei iliyo chini kabisa ya ile ya soko, na wakati mwingine bure, hasa kwenye harusi, misiba na sikukuu. Tupige hesabu tuone maana yake. Maziwa ya nyati yana mafuta ya kiasi cha asilimia 7. Kupata kilo moja ya samli unahitaji karibu lita 15 za maziwa hayo. Unayachemsha, unayagandisha usiku kucha, unayasukasuka asubuhi mpaka siagi ijitenge, kisha unaichemsha siagi polepole mpaka maji yaishe na povu litulie. Kabaila akiagiza kilo kumi kwa harusi ya mwanawe, ameagiza lita 150 za maziwa ambazo watoto wa Mgoala hawatazinywa na mama yao hatazipeleka gulioni, pamoja na kuni na siku za kazi ya mwanamke.

Vita Kuu ya Kwanza ilifanya hali iwe mbaya zaidi. Bei za vitu zilipanda sana India kati ya 1914 na 1920. Samli ikawa na thamani kubwa sokoni kuliko wakati wowote, huku kabaila akiendelea kuidai kwa bei ya zamani. Pengo kati ya bei mbili hizo lilikuwa likiongezeka kila mwaka, na aliyelibeba ni mfugaji.

Aliyekataa alijua kitakachompata. Malisho yalikuwa chini ya kabaila, na sheria ya 1871 kuhusu mifugo inayoingia mashamba ya watu iliruhusu mnyama kukamatwa na kupelekwa kwenye boma la serikali hadi mwenyewe alipe faini. Kwa mtu ambaye nyati wawili ndiyo mali yake yote, hiyo ni fimbo ya kutosha kumrudisha kwenye mstari.

Uzi uliingiaje?

Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama. Mtu anayenyonywa samli angeweza kuandamana kwa ajili ya samli. Kwa nini avae uzi?

Kwa sababu dai la kabaila halikusimama juu ya mkataba. Lilisimama juu ya kuzaliwa. Hakuna karatasi iliyosema Mgoala atatoa samli. Ilisemwa tu kwamba Mgoala ni Shudra na Shudra hutumika. Kodi kubwa, shokoa, kukaa chini kabaila anapokaa kitini, vyote vilitokana na neno hilo moja. Ukitaka kuondoa deni lisilo na hati, huna budi kuliondoa neno linalolizalisha. Mtu aliyevaa uzi si Shudra tena, na asiye Shudra hana sababu ya kubeba mzigo wa mtu. Ndiyo maana, katika vijiji vingi vya Bihar miaka ile, kuvaa uzi na kukataa shokoa vilikwenda pamoja: mkutano ule ule uliopitisha azimio la kuvaa uzi ndio uliopitisha azimio la kutofanya begari na kuuza maziwa kwa bei ya soko.

Mlango mmoja waliupata kwa serikali yenyewe. Katika sensa ya 1901 afisa Herbert Risley aliamua kuzipanga jamii za India kwa ngazi, ya juu hadi ya chini, kadiri watu wenyewe wanavyoheshimiana. Aliona anaandika tu kilichopo. Jamii nyingi ziliona kitu kingine: kumbe cheo kinaandikwa, na kinachoandikwa chaweza kuandikwa upya. Ilipofika sensa ya 1911, maombi ya jamii zilizotaka kupandishwa daraja au kubadilishwa jina katika Bengal, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Bihar, yalikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Wagope walikuwamo katika wimbi hilo, na vyama vyao vikaanza kuitisha mikutano mikubwa katika miaka hiyo hiyo.

Mlango wa pili ulikuwa Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya Kihindu iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875. Jumuiya hii ilifundisha kwamba hadhi ya mtu hutokana na mwenendo na elimu, wala si tumbo alilotoka. Wabrahmini wengi walikataa kumvika Mgoala uzi. Wahubiri wa Arya Samaj waliifanya ibada hiyo wenyewe.

Walioongoza walikuwa watu gani? Si wachungaji wa diara. Walikuwa Wayadav wenye nafasi: mawakili, walimu, na hata makabaila. Ras Bihari Lal Mandal, kabaila wa Murho katika eneo la Madhepura, alikuwa mmoja wa viongozi wa mwanzo wa vyama vya Wagope. Jambo hili hutumiwa kuupuuza mwendo mzima, kana kwamba matajiri waliwatumia maskini. Mimi sioni hivyo. Kabaila wa Kiyadav alitaka heshima mezani kwa makabaila wenzake, na mchunga nyati alitaka kubaki na samli yake. Haja zilikuwa mbili, na uzi ukazifunga pamoja kwa muda. Bila wenye nafasi kusingekuwa na mikutano; bila wachunga nyati kusingekuwa na umati wa Lakhochak.

Hasira ya Wabhumihar

Haitoshi kusema Wabhumihar walikuwa wakatili. Cheo chao wenyewe kilikuwa kikibishaniwa. Walijihesabu kuwa Wabrahmini walioacha ukuhani wakashika ardhi, lakini Wabrahmini wengine waliwakatalia, na maafisa wa sensa hawakuwa na hakika wawaweke wapi. Katika miaka hiyo hiyo mtawa wao maarufu, Swami Sahajanand Saraswati, alikuwa akipigania watambuliwe kuwa Wabrahmini kamili. Mtu ambaye cheo chake kinatiliwa shaka na waliomtangulia huumia zaidi anapoona aliye nyuma yake akisogea.

Safari ya Sahajanand inastahili kutajwa, kwa kuwa inathibitisha kwamba mambo haya hayakuwa ya damu. Mtawa huyo aliyeanza kwa kupigania hadhi ya jamii yake aliona mwishowe jinsi wakulima wanavyoteswa, akaanzisha chama cha wakulima cha Bihar mwaka 1929, akawa kiongozi wa chama cha wakulima cha India nzima kilipoundwa mwaka 1936, na akatumia maisha yake yaliyobaki kupambana na makabaila, Wabhumihar wakiwemo.

Pamoja na hofu ya cheo, kulikuwa na hesabu ya mali. Kabaila aliyekuwa akipata maziwa, vibarua na wabeba mizigo bila kutoa kitu, kisha ghafla anaambiwa alipe bei ya soko, amepata hasara anayoweza kuihesabu kwa rupia. Na hakuwa na mahali pa kushtaki, maana ni mahakama gani ingemsikiliza mtu anayedai shokoa? Aliloweza kulizuia ni ule uzi. Kwa hiyo marungu yalielekezwa kwenye ibada.

Serikali ya kikoloni kwa upande wake ilishughulika na utulivu. Ilituma polisi, ikafungua kesi, ikaandika ripoti za kugombana kwa matabaka. Kodi ya kibaguzi na tozo za haramu, ambazo ndizo zilizowasha moto, ziliachwa ziendelee, kwa kuwa makabaila walikuwa nguzo ya serikali hiyo.

Gharama ambayo haikuandikwa

Sasa niwarudie wanawake. Vyama vya Wagope vilitaka jamii ionekane na mwenendo wa watu wa juu, na orodha ya mageuzi ilikuwa ndefu: kuacha pombe, kuwasomesha watoto, kufupisha siku za msiba, kupunguza gharama za harusi. Mengi yalikuwa mema. Lakini humo humo kulikuwa na azimio kwamba wanawake wasiende tena magulioni kuuza maziwa, mtindi na vibonge vya kuni, kwa sababu wanawake wa watu wenye heshima hawaonekani sokoni.

Azimio hilo lilikuwa na sababu ya kweli ndani yake. Mwanamke wa Kigoala aliyekwenda kwa kabaila na chungu cha mtindi alikuwa hatarini, na familia zilijua. Hata hivyo, tazama lililotokea: hatari ilitoka kwa wanaume wa nyumba kubwa, na aliyefungiwa ndani ni mwanamke. Pesa aliyoipata kwa mkono wake mwenyewe ikapita mikononi mwa mumewe au ya mchuuzi. Kazi ya zizini haikupungua hata kidogo. Alama za vidole zilibaki ukutani, soko likaondoka.

Dosari ya pili ni kubwa zaidi kisiasa. Mwanasosholojia M. N. Srinivas alikuja kueleza mwendo wa namna hii, wa jamii za chini kuiga ibada na mwenendo wa za juu ili kupanda daraja, na maelezo yake yamekuwa maarufu mno kiasi kwamba watu huona kuiga tu, wasione mgomo uliokuwa ndani yake. Lakini katika jambo moja maelezo hayo yanagonga penyewe. Mgoala hakusema ngazi ivunjwe. Alisema amewekwa kwenye kipago kisicho chake, kwamba yeye ni Kshatriya, wa tabaka la watawala na wapiganaji, mzao wa wafalme. Walio chini yake, Wadalit, yaani watu waliohesabiwa najisi na kuwekwa chini ya matabaka yote, waliokuwa wakilima kwa shokoa ile ile, hawakuwamo katika dai hilo.

Njia nyingine ilikuwepo. Desemba 1927, miaka miwili na nusu baada ya Lakhochak, B. R. Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, na wafuasi wake walikusanyika Mahad, upande wa magharibi wa nchi, wakachoma hadharani kitabu cha sheria za Manu, kile kile kilichotumika kuhalalisha ngazi yote. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja unaona tofauti yake waziwazi: Lakhochak waliomba sehemu yao katika kitabu, Mahad wakakitia moto. Siwalaumu Wagoala kwa kuchagua njia waliyoiona karibu. Nasema tu kwamba uchaguzi huo ulikuwa na matokeo, na yalionekana baadaye.

Kutoka uzi hadi kura

Uzi wenyewe haukukaa muda mrefu kuwa silaha. Mwaka 1933, katika wilaya ya Shahabad, viongozi wa Wayadav, Wakurmi na Wakoeri, jamii tatu za wafugaji na wakulima, waliunda Triveni Sangh, wakaiita kwa jina la mahali mito mitatu inapokutana. Hapo mazungumzo yalibadilika. Walitaka viti kwenye mabaraza, kazi serikalini na mwisho wa begari. Chama cha Kongresi, kilichoongoza harakati za uhuru, kiliwapuuza wakati wa kuteua wagombea, na katika uchaguzi wa 1937, ambao haki ya kura ilitegemea mali, Triveni Sangh haikufua dafu. Baada ya muda ikafifia. Hata hivyo ilikuwa imefundisha hesabu ambayo Bihar haikuisahau: jamii hizo tatu zikiwa pamoja ni wengi kuliko matabaka ya juu yote.

Baada ya uhuru, sheria ya 1950 ilifuta umiliki wa zamindari Bihar. Makabaila walificha mashamba mengi kwa majina ya ndugu na watumishi, lakini wapangaji wengi wa Kiyadav, Kikurmi na Kikoeri walipata haki ya ardhi waliyoilima. Wadalit waliokuwa vibarua wasio na upangaji wowote hawakupata kitu, na sasa mwenye shamba aliyewaajiri mara nyingi alikuwa mmoja wa hao waliopanda. Mwezi Mei 1977, kijijini Belchhi, wilaya ya Patna, watu 11, wengi wao Wadalit, waliuawa na wenye ardhi wa Kikurmi na miili yao kuchomwa. Walioua walikuwa wa jamii ndugu za Triveni. Ngazi ilikuwa bado imesimama.

Mwana wa Ras Bihari Lal Mandal, B. P. Mandal, aliyezaliwa 1918, alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Bihar kwa majuma machache mwaka 1968, kisha akaongoza tume ya kuchunguza jamii zilizobaki nyuma. Ripoti yake ilikamilika mwisho wa 1980, ikapendekeza asilimia 27 ya kazi za serikali kuu zitengwe kwa jamii hizo. Ilikaa kabatini miaka kumi. Tarehe 7 Agosti 1990 waziri mkuu V. P. Singh alitangaza kuitekeleza, na vijana wa matabaka ya juu wakafanya maandamano makubwa, wengine wakajiwasha moto. Mahakama Kuu Kabisa iliukubali mpango huo mwaka 1992. Zingatia alichofanya mwana ambacho hakikufanywa na kizazi cha baba yake: baba alidai kuhesabiwa juu, mwana akadai haki kwa kuwa wamewekwa chini. Hilo, kwangu, ndilo geuko kubwa kuliko yote katika kisa hiki.

Mwaka huo huo wa 1990 Lalu Prasad Yadav, mtoto wa kijiji cha Phulwaria aliyekua akichunga nyati, alishika uongozi wa Bihar. Kati ya alivyoanzisha hakuna kinachonigusa kama shule za wachungaji, ya kwanza ikifunguliwa Turki, wilaya ya Muzaffarpur. Fikra yake ilikuwa rahisi na sahihi: mtoto hakosi shule kwa kutopenda kusoma, hukosa kwa kuwa kuna nyati wa kuchungwa, basi aje naye, nyati ale majani ya uwanja wa shule huku mtoto akisoma. Ndani ya miaka michache shule hizo zilikuwa zimezorota, bila walimu wa kutosha wala usimamizi. Kisha mwaka 1996 ikafichuka kwamba idara ya mifugo ya jimbo ilikuwa imechotewa fedha nyingi kwa chakula cha mifugo ambacho hakikuwepo. Lalu alijiuzulu 1997, mkewe akashika nafasi yake, na mwaka 2013 mahakama ikampata Lalu na hatia. Fedha za chakula cha ng'ombe kuibwa chini ya mtoto wa wachungaji, kwa watu walioweka matumaini yao yote kwake, lilikuwa jeraha ambalo wapinzani wao wa zamani walilifurahia mno.

Oktoba 2023 serikali ya Bihar ilitangaza hesabu ya jamii zote za jimbo lenye watu zaidi ya milioni 130. Wayadav ni asilimia 14.26, kundi kubwa kuliko jamii nyingine yoyote ya Kihindu iliyohesabiwa. Lakini jamii ndogondogo zilizobaki nyuma kabisa, vinyozi, wavuvi, wakamua mafuta, wafinyanzi, zikiwekwa pamoja ni asilimia 36.01. Hizo ndizo zilizolalamika kwa miaka kwamba matunda ya Mandal yaliliwa na Wayadav na majirani zao wa daraja moja, na kura zao zilisaidia kuiondoa familia ya Lalu madarakani mwaka 2005.

Mwaka uliofuata, 2006, serikali mpya ya Nitish Kumar, Mkurmi, ilizitengea jamii hizo sehemu ya viti vya mabaraza ya vijiji, na kutenga nusu ya viti vyote kwa wanawake. Bihar ikawa jimbo la kwanza India kufanya hivyo. Wajukuu na vitukuu vya wanawake waliokatazwa gulio sasa wanagombea uenyekiti wa kijiji na kushinda. Katika vijiji vingi, ukienda ofisini kumtafuta mwenyekiti huyo, unampata mumewe kitini, akipokea watu na kupanga shughuli kwa niaba yake. Watu wamekwisha kumpa jina, mume wa mwenyekiti, na hulitumia kama cheo halali. Wako pia wanawake wanaokataa kukiachia kiti hicho, wakaenda barazani wenyewe, na ugomvi wao sasa ni na watu wa nyumbani mwao.